Hatua Mia Mbili

Bernadi alikuwa ameinama juu ya mstari wa nane wa nyasi simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Hakuipokea hapo hapo. Alimalizia kwanza pembe ya mraba aliokuwa akiutandaza, akazikanyaga nyasi kidogo ili upepo usizihamishe, ndipo akajifuta mikono kwenye suruali na kuangalia jina. Alikuwa Jerome, mhandisi wa chuo kikuu, yule wa chombo.

Shamba lilikuwa kwenye mteremko, upande wa magharibi wa milima ya Mbinga, mahali ambapo siku isiyo na ukungu Ziwa Nyasa huonekana chini kabisa, jeupe kama bati jipya. Kwenye miteremko hiyo watu hulima ngolo. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zipo, nyasi hufyekwa zikaachwa zinyauke, kisha hupangwa kwa miraba, mistari ya kushuka na mistari ya kukatiza, mpaka shamba zima linakuwa kama wavu. Baada ya hapo udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kurushwa juu ya nyasi. Nyasi huozea chini, maharage hupandwa kwenye kingo, na shimo linalobaki katikati hukamata maji yasiondoke na shamba. Kutandaza nyasi ni kazi ya wanaume, kuchimba ni kazi ya wanawake. Katika shamba la Bernadi aliyechimba alikuwa Otilia, mkewe, na Otilia alifariki mwezi wa nane mwaka jana.

Jerome alimwamkia, akauliza habari za nyumbani, akauliza kama ile paneli ya sola ya chombo inafutwa. Bernadi alijibu yote kwa utaratibu, moja baada ya jingine. Ndipo Jerome akaingia kwenye jambo lililomfanya apige.

"Mzee, ile mipaka yetu ya hatua hamsini, naomba tuiongeze," alisema. "Iwe hatua mia mbili. Kuanzia leo mpaka mwezi wa sita. Asilime mtu, asitwange mtu."

Hatua hamsini chini ya mstari wa kwanza wa nyasi kulikuwa na uzio wa seng'enge, na ndani ya uzio shimo lenye mfuniko wa zege. Humo, juu ya mwamba mtupu, kilikaa chombo kisichozidi sufuria ya wali wa watu sita. Kilipima mitikisiko ya ardhi. Chuo kilikileta miaka kumi na moja iliyopita kwa ajili ya matetemeko ya bonde la ziwa, na Bernadi alichaguliwa kukitunza kwa sababu mwamba wa shamba lake ulikuwa imara, barabara ilikuwa mbali, na yeye mwenyewe alikuwa amejifundisha kutengeneza redio kwa kuzifungua na kuzifunga. Lakini Jerome alimweleza tangu siku ya kwanza kwamba chombo hakichagui. Bomu la nyuklia likilipuliwa chini ya ardhi huko Marekani, Urusi au China, mtikisiko wake hupita ndani kwa ndani ya dunia na kufika hapa baada ya dakika kumi na kitu, au ishirini. Kwa hiyo kila kilichopimwa kilitumwa pia Ulaya, kwa watu ambao kazi yao ni kusikiliza kama kuna mkubwa anayejaribu bomu kwa siri. Mwaka 2017 kilisikia la Korea Kaskazini. Wale wakubwa watatu hakijawahi kuwasikia.

Chombo kilitaka ukimya tu. Ndani ya hatua hamsini hakupita jembe wala mchi, na kila kilichovunja ukimya huo Bernadi alikiandika kwenye daftari: tarehe, saa, sababu. Ng'ombe wa Zabron, wawili, saa nne kasoro robo. Mti umeanguka. Upepo.

Jerome aliendelea kueleza, naye Bernadi alikuwa ameshayasikia mengine redioni. Mkataba wa mwisho uliokuwa ukiyawekea mipaka mabomu ya Marekani na ya Urusi ulikuwa umefikia mwisho wake mwezi wa pili, na hakuna mwingine uliotiwa saini. Kila mmoja anasema mwenzake akijaribu, naye atajaribu. Bomu dogo likilipuliwa kwa kufichwa hufanana sana na tetemeko dogo, na ni vituo vyenye ukimya tu vinavyoweza kuyatenganisha. Visipoweza, kila upande utasema mwenzake ameanza.

"Nimesikia," Bernadi alisema.

Hakumwambia kwamba Alhamisi, siku tatu zijazo, kulikuwa na watu wanaokuja kuchimba shamba lile.

Simu ilipokatika aliteremka mpaka kwenye uzio, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kupanda. Hatua ya hamsini ilimfikisha kwenye nyasi. Ya mia na kumi ilikuwa mwisho wa shamba. Ya mia na arobaini ilikuwa mlango wa jiko. Aliendelea kuhesabu akiizunguka nyumba, na ya mia mbili ilimkuta katikati ya mibuni ya jirani yake Zabron, ambaye alikuwa akipalilia na kumtazama anavyokuja.

Zabron alikuwa na salamu yake moja tangu chombo kiletwe. "Mtaalamu, leo Mrusi kakohoa?"

"Bado."

"Na Mmarekani?"

"Naye bado."

"Basi wote wazima. Mbona unanihesabia kahawa?"

Bernadi akamweleza. Zabron aliegemea jembe na kusikiliza mpaka mwisho, jambo lisilo la kawaida yake. Halafu akasema kwamba wale wakubwa walipogombana juzi juzi, mbolea ilipotea Mbinga nzima. Sasa wakinuniana tu, yeye aache na palizi? Alisema atalima kama kawaida, na kama huko Ulaya watasikia jembe, waambiwe ni la Zabron wa kahawa, hana ugomvi na mtu. Akarudi kwenye magugu yake.

Zabron hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa Alhamisi.

Pale kijijini hakuna anayechimba ngolo peke yake kama anaweza kuepuka. Kuna ngokela: watu ishirini, thelathini, wanakuja kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine, mwenye shamba anapika na kuandaa kinywaji, na zamu inazunguka. Bernadi na Otilia walikuwa kwenye mzunguko huo kama kila mtu. Chombo kilipokuja, Bernadi alipiga hesabu akaona majembe thelathini yakipiga kwa pamoja hatua hamsini na tano kutoka kwenye shimo ni kelele, hata kama yako nje ya mpaka. Mwaka wa kwanza akaomba wasije. Mwaka wa pili akaomba tena. Hakuna aliyemsema. Ila asiyepokea watu shambani kwake hawezi kuendelea kuitwa kwa wengine, na zamu ikaanza kupita mbali na nyumba yake. Otilia alichimba peke yake, na mahindi alikwenda kutwanga kwa Zabron, maana mchi nao hutikisa ardhi hata nje ya mpaka, kinu kikiwa kimehamia huko moja kwa moja. Binti yao, Benadetha, alisaidia mpaka alipoolewa Kihagara, huko ziwani.

Kisha Otilia akafariki. Wanawake walipokusanyika uani kutwanga chakula cha msiba, Bernadi alitoka ndani, macho yamevimba, akawaomba kwa upole wahamie kwa Zabron. Walihama. Walibeba michi na nyungo wakapanda kilimani wakiwa wamejifunga khanga za msiba. Alikuwa amelala macho siku mbili na hakufikiri; alifanya alichozoea kufanya kwa miaka kumi. Baada ya misa ya arobaini hakuna aliyekanyaga tena ua wake, isipokuwa Zabron kuja kutafuta ng'ombe.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita, Mektilda aliposimama mbele yake nje ya kanisa, alidhani kuna mtu mwingine amefiwa. Mektilda alikuwa mdogo wake Otilia, na ndiye aliyepanga zamu za ngokela. Alisema watu watakuja Alhamisi kuchimba shamba la maharage. "Ni kwa ajili ya dada," alisema. "Siyo kwa ajili yako, shemeji." Bernadi alikubali kabla hajamaliza. Alijua kwamba akikataa safari hii, hataulizwa mara ya nne.

Jioni ile ya simu ya Jerome alikwenda kwa Mektilda. Alimkuta amepiga magoti mbele ya mkeka, akianika kimea cha ulezi. Ilikuwa Kwaresima, kwa hiyo kinywaji cha Alhamisi kingekuwa togwa, si pombe, na Mektilda alikuwa ameshaanza kukitayarisha nyumbani kwake kwa sababu alijua mwanamume mjane hawezi. Bernadi aliketi kwenye kigoda, akaeleza kila kitu kama alivyoelezwa: mkataba, bomu dogo linalofanana na tetemeko, hatua mia mbili. Akauliza kama siku ingeweza kusogezwa.

"Mpaka lini?"

"Mwezi wa sita."

Mektilda aliendelea kusambaza kimea kwa kiganja. Mwezi wa sita hakuna anayepanda maharage, wote wawili walijua. Aliuliza wale wakubwa wanaogopa nini hasa. Bernadi alisema kila mmoja anaogopa mwenzake atajaribu kwa siri.

"Hawaaminiani."

"Ndiyo."

"Na dawa yake ni sisi tusilime."

Bernadi alitaka kusema sivyo. Akafikiri, akaona haiko mbali sana na hivyo.

"Siku ya msiba tulihama," Mektilda alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilibeba mchi mimi mwenyewe. Sikusema neno, maana kwenye msiba watu hawagombani. Alhamisi tunakuja. Kama hutaki, niambie sasa hivi, niwaambie wenzangu, na hatutalitaja tena."

Kuku alijaribu kufika kwenye kimea, akafukuzwa. Bernadi aliangalia mikono yake. Jambo lingekuwa jepesi kama angeweza kusema kazi ile ya chombo ilikuwa upuuzi, lakini hakuamini hivyo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mmoja wa watu wachache waliohakikisha kwamba wale wenye mabomu hawawezi kudanganyana, na alikuwa amelifikiria jambo hilo mara nyingi akifuta paneli, na lilikuwa limempa fahari ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Hata Otilia hakumwambia, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba mahindi.

"Njooni," alisema.

Kesho yake asubuhi alimpigia Jerome. Alimwambia kuna ngokela Alhamisi, majembe yataanza saa moja na nusu na yatakoma kabla ya saa nane.  Jerome akasema kwamba wakubwa wake watauliza sababu. Bernadi akasema sababu ni msimu wa maharage.

"Na ikitokea asubuhi hiyo hiyo, mzee?"

"Itakuwa imetokea tukilima. Nitaandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mtajua hapo katikati hamna la kusikia."

Jerome alipumua. Alisema mama yake alilima ngolo Kigonsera maisha yake yote, na kwamba angeijaza taarifa yeye mwenyewe. Ila hakuweza kuahidi kwamba kituo hakitahamishiwa kwingine, penye mtu asiye na shamba. Bernadi akasema amesikia.

Alhamisi alikuwa amebandika sufuria za kulisha watu thelathini. Walikuja kumi na watano. Mektilda hakueleza wengine wako wapi, naye hakuuliza. Zabron alikuja bila kualikwa, akatangaza kwamba amekuja kuhakikisha Mrusi anapata usingizi, na wanawake wakamwambia afunge mdomo ashike panga, kuna visiki kule juu.

Walijipanga juu ya shamba, kila mwanamke na mraba wake, wakaanza kuchimba. Mwanzoni walichimba polepole, wakiweka majembe chini badala ya kuyapiga, kama watu wanaotembea ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Bernadi alikuwa akitengeneza nyasi mbele yao. Alisikia ile tahadhari na akaijua ilitoka wapi.

Baadaye Restituta, mama mmoja mnene mwenye shamba chini mtoni, alianzisha wimbo. Aliimba mstari mmoja na nusu, akaukatisha, akamwangalia Bernadi. Wote wakasimama, majembe mkononi, wakamwangalia. Kutoka pale alipokuwa aliweza kuuona uzio na mfuniko wa zege. Dunia yote ilikuwa kimya, au haikuwa kimya, hakukuwa na njia ya kujua akiwa amesimama pale.

"Imbeni," alisema.

Restituta alirudia kutoka mwanzo. Majembe yakaingia kwenye wimbo, yakashuka kwa pamoja, na udongo mweusi ukaanza kuruka juu ya nyasi mraba kwa mraba kuteremka mlima. Bernadi aliusikia mtikisiko miguuni. Kwa mazoea alianza kuhesabu mapigo, akafika sitini na kitu, akaacha.

Saa saba mvua iliwafukuza. Walikuwa wamebakiza mistari miwili ya chini kabisa, ile inayokaribia uzio. Walijibanza barazani na jikoni wakala, wakanywa togwa, nje maji yakijaa kwenye mashimo mapya. Bernadi alipita na ndoo na kata, akiwajazia vikombe. Walizungumza juu ya harusi ya mtoto wa Walburga, jinsi gari la bibi harusi lilivyokwama njiani kutoka Mbamba Bay. Hakujua kwamba Walburga ameoza mtoto. Walizungumza juu ya mtu aliyegombana na katekista, wakacheka, mmoja akamalizia maneno ya mwenzake, naye hakuelewa kichekesho kilianzia wapi. Hawakumtenga. Walimshukuru kila alipomimina. Lakini miaka kumi na moja ya habari ilikuwa imepita nje ya ua huu, na hakuna ambaye angeweza kukaa chini ampe yote. Alisimama mlangoni na ndoo yake akisikiliza kama mgeni aliyefika leo kutoka mbali, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Mvua ilipopungua waliondoka wawili wawili, majembe mabegani. Mektilda alikuwa wa mwisho. Alisema kesho ngokela iko kwa mwingine, ng'ambo ya kilima, hivyo ile mistari miwili itabidi isubiri mpaka apate nafasi. Wiki ijayo ni kwa Restituta.

"Uje na panga," alisema. "Kule kuna nyasi ndefu."

"Nitakuja, shemeji."

Mektilda aliitikia kwa kichwa, akafunika kilemba chake kwa mfuko wa plastiki, akaenda.

Bernadi alichukua daftari akaandika: Alhamisi. Saa moja na nusu mpaka saa saba. Majembe. Alisita, akaongeza: na wimbo. Simu haikuwa imelia. Kama kuna lililotokea mahali, Jerome angejua, au hata Jerome asingejua.

Kisha akaingia jikoni akakuta vyombo. Mektilda alikuwa ameazima vikombe na sahani nyumba kwa nyumba, kama inavyofanyika siku za watu wengi, na vyote vilikuwa vimeachwa kwenye beseni. Aliviosha kimoja kimoja kwa maji ya mvua, akavifuta, akavipanga mezani. Kila nyumba ina alama yake chini ya chombo: nukta ya rangi ya kucha, msalaba uliokwaruzwa kwa msumari, herufi. Alivipindua akavitenga kwa mafungu kulingana na alama. Vilikuwa vikombe kumi na tisa na sahani kumi na nne, mafungu saba. Fungu la Zabron alilijua, na la Mektilda. Kulikuwa na W ya rangi ya bluu ambayo huenda ilikuwa ya Walburga. Nukta mbili nyekundu hakuzijua, wala mkwaruzo unaofanana na jani, wala ile sahani ya bati iliyotobolewa tundu ukingoni. Otilia angezitaja zote bila kuangalia.

Huko nje kiza kilikuwa kinaanza kuingia ziwani. Ilibidi mtu azunguke navyo, mlango hadi mlango, na kuuliza kila mahali hiki ni cha nani. Alitafuta kapu kubwa, akatandika khanga chini ili visigongane, akaweka ndani lile fungu la W. Mengine aliyaacha mezani yamefunikwa, yasubiri asubuhi.